Ndoo Mbili za Ethi

Jambo lote liligharimu hivi, na nimelihesabu mara mbili kama ninavyohesabu kila kitu: pipa zima la kupikia mafuta ya alizeti lililoungua mpaka Zuzu nzima, kiwanda kilipo, ikaziba pua, foleni ya wakulima waliolala na magunia yao getini, na jina la mwanamke mmoja wa kijiji cha Haneti. Kilicholeta hasara hiyo ni kipande cha wavu wa waya kisichozidi kidole gumba, ambacho kilitakiwa kukatwa na hakikukatwa. Pipa lilisuguliwa likarudi kazini. Wakulima walipata pengine pa kukamulia. Jina ndilo halijarudi mpaka leo, na ningekuwa nimeshazoea, kama watu wazoeavyo jino bovu, lau nisingealikwa mwezi uliopita kwenye sherehe ya kumuaga Injinia Faustini.

Sherehe ilikuwa ukumbini mjini Dodoma, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, pilau ya nyama nyingi, mimi sikatai. Watu wa kiwanda cha zamani tulikaa meza moja. Ulipofika wakati wa mwenye sherehe kusema, Injinia akachukua kipaza sauti akaanza kusimulia visa vya ujana wake kazini. Akasema umeme una maadui wawili, radi na mama wa usafi mwenye ndoo. Akaeleza jinsi mitambo yake mipya ilivyokuwa ikizimika kila alasiri kwa sababu mama mmoja aliyepewa maji ya kumwagia mitambo alikuwa akiyauza kwa wafyatua matofali. Ukumbi ukacheka. Kwenye meza yetu nikawahesabu: tulikuwa wanne tuliokuwepo mwaka ule, watatu walicheka, na wa nne ni mimi. Nilisukuma sahani mbele, na mtu anayenifahamu anajua mimi kusukuma sahani ya pilau si jambo dogo. Maana mwanamke yule yuko hai, jina lake ni Sechelela, na hakuuza hata kikombe.

Mwaka huo nilikuwa mtunza stoo na mnunuzi wa kiwanda. Nilitoka Kondoa nikiwa bado kijana, nikaajiriwa kwa sababu najua kubishana bei, na meneja alipenda mtu ambaye akitumwa dukani anarudi na mzigo wote na chenji. Stoo yangu ilitenganishwa na chumba cha mitambo, penye skrini za kuiongozea, kwa plaiwudi nyembamba, kwa hiyo chochote kilichosemwa upande wa pili nilikisikia, nikitaka nisitake. Stoo ilinuka alizeti na grisi. Dirisha lilitazama reli, na treni ya mizigo ikipita vikombe vyangu vya chai vilicheza kwenye rafu. Saa saba mchana Mama Seche, ndivyo tulivyomwita sote, aliegemeza fagio lake mlangoni, akaingia na hotpoti aliyoibeba ndani ya ndoo ili isimwagike njiani, tukala ugali wa uwele na mlenda. Mimi nilileta karanga au samaki mkavu, nilichoweza kupata kwa bei ya maana. Alikuwa amenizidi umri wa kutosha kunizaa, lakini alinitania kama mwenzake. Nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba, kisha akanisalimia upya kwa Kigogo, mbukwa, akisema ya kwanza ilikuwa ya kazini na hii ndiyo ya kwetu. Mwezi wa Ramadhani alikula nje nyuma ya matangi. Nilimwambia funga yangu haivunjwi na harufu. Akasema yeye haogopi funga yangu, anaogopa macho yangu.

Mitambo ilikuwa mitatu, kila mmoja na banda lake: wa kukamua, wa kupika na kusafisha, na wa matangi, ulioko mwisho kabisa wa uwanja. Ilikuwa mipya, na tofauti yake na ile ya zamani ni kwamba hii ilizungumza. Ule wa matangi ukijaa unauarifu wa kupika upunguze, na wa kupika unauarifu wa kukamua usubiri. Mazungumzo hayo yalipita kwenye kebo moja, ndani yake waya mbili zilizosokotwa kama nywele za mtoto wa shule, na juu ya waya hizo wavu mwembamba wa kuzuia kelele za mota zisiingie. Kebo niliinunua mimi. Nilizunguka maduka mpaka nikaipata ileile iliyoandikwa kwenye karatasi ya waliotuuzia mitambo, nikaipima kwa futi dukani, nikaipima tena stoo. Naeleza haya kwa sababu mambo yalipoharibika, wa kwanza kushukiwa ni kebo, yaani mimi. Walikata kipande wakakipeleka kupimwa, kikarudi salama. Basi ikabidi atafutwe mwingine.

Injinia Faustini alikuwa mzuri kwa umeme wa majengo, hilo simnyimi. Nyumba aliyoifunga yeye haikupigi shoti. Tatizo ni kwamba kebo ya mazungumzo aliifunga kama anayefunga taa za sebuleni. Kwenye nyumba unaweka kisanduku katikati ya ukuta, halafu unatoa matawi, moja chumbani, moja jikoni, moja barazani. Naye akaweka kisanduku ukutani kwenye banda la kupikia, akatoa matawi matatu. Kulikuwa na rezista, vizuizi vidogo vya umeme vya kuweka mwisho wa kebo, upande huu moja na upande ule moja, na pakiti ilikuja na moja ya akiba. Akazimaliza kwa kuweka kila tawi lake, akisema kama mbili ni dawa basi tatu ni dawa zaidi. Kisha ule wavu akaufunga kwenye ethi kila ulipoishia. Ethi, kwa asiyejua, ni fimbo ya shaba inayochimbiwa ardhini ili umeme uliopotea njia upate pa kuzama. Kwa nyumba, kufunga kila chuma kwenye ethi ni sheria, na yeye aliishika sheria hiyo kama mzee wa kanisa anavyoshika sadaka. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa sheria ni nyingine. Au tuseme aliambiwa, kwa sababu maelekezo yalikuja na mitambo, mimi mwenyewe niliyapokea na kumkabidhi, na alikuwa akiyatumia kuwekea kikombe cha chai.

Tulifunga mitambo wakati wa mvua ikazungumza vizuri, meneja akachinja mbuzi. Mvua ilipokata, ardhi yetu ikaanza kukauka kama ilivyo desturi yake. Tulikuwa na mashimo mawili ya ethi. Moja lilikuwa karibu na bomba la kunawia, daima bichi. Jingine lilikuwa kwenye matangi, juu ya jiwe, ambako wachimbaji walitoa jasho wakafika magotini tu, wakajaza chumvi na mkaa wakamwachia Mungu. Kufikia mwezi wa sita, ikifika alasiri pampu kubwa zikiwaka zote, mitambo inapoteana. Skrini inaandika hakuna mawasiliano, kila mtambo unasimama palepale ulipo. Injinia anakuja na testa, anagonga visanduku, anazima na kuwasha. Siku moja mpakizi mmoja alinawa miguu pale kwenye matangi, maji yakatiririkia shimoni, na papo hapo mitambo ikaamka. Nilisikia kelele za furaha kupitia plaiwudi nikadhani mshahara umeingia.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kumnywesha ethi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kebo ya mazungumzo ijali kama ardhi imelowa. Sisi tuliuliza nani atamwagilia. Ikaamuliwa ni Mama Seche, kwa sababu ndoo anazo. Kila asubuhi ndoo mbili kutoka kwenye tangi la maji lililojazwa na boza, na ilipofika mwezi wa nane, ndoo mbili nyingine saa sita. Wapakizi walimtania wakimwona anapita, wanamuuliza mgonjwa ameamkaje, amekunywa uji? Naye anawajibu mgonjwa hajambo, ila anawasalimia wake zake watatu, yaani mitambo. Tukila mchana alikuwa akitikisa kichwa. Haneti mtama wao ulikuwa umenyaukia shambani mwaka ule.

"Kwetu tunaomba mvua kwa ajili ya mtama, haiji," aliniambia. "Hapa nanywesha chuma, ndoo nne kwa siku. Da Zuhura, hivi hiki chuma kitazaa nini?"

Nilimwambia kitazaa mshahara. Tulicheka. Ni kicheko ambacho bado kinaniuma nikikikumbuka, kwa sababu siku ile ilikuwa Jumatatu, na pipa liliungua Alhamisi.

Siku ya pipa, mitambo ilipoteana katikati ya mapishi. Mwiko wa chuma unaokoroga ukasimama, mvuke ukaendelea kuingia, na kabla mtu hajakimbia kufunga koki kwa mkono, mafuta ya siku nzima yalikuwa yameshika chini. Moshi ulitoka mweusi. Getini wakulima walisimama juu ya magunia yao wakitazama, na mmoja akauliza kama tunakamua alizeti au tunachoma mkaa. Meneja alikuja kutoka mjini, sura imemvimba. Waliingia chumba cha mitambo, yeye na Injinia na mlinzi, nami nikawa upande wangu wa plaiwudi nikipanga nati ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilisikia Injinia akisema mitambo haina tatizo, kebo imepimwa haina tatizo, kilichobaki ni ardhi, na ardhi ingekuwa na maji isingekataa. Kwa hiyo maji hayafiki. Meneja akauliza yanakwenda wapi. Kisha mlinzi akasema, kwa sauti ya mtu anayesaidia, kwamba huyo mama kila jioni anatoka na ndoo, na nje ya geti wako wafyatua matofali wanaonunua maji. Hakusema amemwona akiuza. Hakuna aliyemuuliza kama amemwona. Watu watatu waliosoma na wasiosoma waliunganisha ndoo na matofali, na hesabu yao ikatimia.

Sikungoja waniite. Nilikwenda kwenye matangi, nikapiga magoti, nikatia mkono shimoni. Ulizama kwenye tope mpaka kwenye kifundo. Nikarudi hivyohivyo na tope langu, nikaingia bila kubisha hodi, nikamwonyesha Meneja mkono nikamwambia aushike mwenyewe, hilo ndilo shimo linaloitwa kavu. Akafungua droo akanipa karatasi laini nijifute. Injinia akasema huenda mama amemwaga leo baada ya kuona moshi. Nikamwuliza amemwaga saa ngapi, wakati tangu saa saba tulikuwa naye stoo tunakula, na moshi ulipotoka alikimbia na sisi sote kubeba mchanga. Akaniambia nibaki na nati zangu. Naapa, katika maisha yangu nimedhulumiwa na wafanyabiashara wa kila aina, wa mizani iliyolegea na wa futi iliyokatwa ncha, lakini hao angalau walikuwa wanaficha. Hawa waliiona haki imepakwa tope mpaka kwenye kifundo, wakaipa karatasi ya kujifutia.

Wakamwita Mama Seche. Alisimama mlangoni bila kuvua kanga ya kazi. Meneja alisema maneno mengi ya mviringo, kwamba kiwanda hakimtuhumu mtu, ila imani ikipungua kazi haiendi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Injinia, si Meneja.

"Baba, kama ningekuwa mwizi wa maji, ningeiba ya kunywa. Haya unayonipa ya kumwagia chuma yana kutu, hata mfyatua matofali hayataki."

Mama Seche akachukua ndoo yake na hotpoti ndani yake, akapita getini, na mlinzi yule akamsimamisha akafunua hotpoti kuangalia. Ndani kulikuwa na mlenda uliobaki. Niliona nikiwa mlangoni pa stoo. Wapakizi waliokuwa wakimtania kila asubuhi waliinamia magunia, na wafyatua matofali nje walisikia kila kitu, na kati yao alikuwepo kijana wa Haneti. Habari ilimtangulia nyumbani kwa basi.

Baada ya wiki mbili hivi alikuja fundi kutoka kwa waliotuuzia mitambo, dada wa Kinyakyusa aitwaye Anyesi, aliyevaa buti na asiyependa maneno. Alikunywa chai akiwa amesimama. Akaomba maelekezo, yakaondolewa kikombe juu yake. Mimi ndiye niliyetumwa kumpa vifaa, kwa hiyo niliona yote. Alifungua kisanduku cha katikati, akatazama yale matawi matatu, akakifunga. Akaenda matangini, akafungua paneli, akakamata ule wavu kwa kipimo chake kinachouma waya kama koleo, kisha akaniita nisome namba, nikaisoma, nikaisoma tena. Alisema umeme unatembea kwenye wavu, na hapo hapatakiwi kutembea kitu. Akaniuliza kwa nini miguu yetu iko kwenye tope. Nikamweleza habari ya kumnywesha ethi, kazi ambayo tangu Mama Seche aondoke wapakizi walipokezana. Kwa mara ya kwanza aliweka bisibisi chini.

"Wavu unafungwa kwenye ethi upande mmoja tu," alisema. "Mkiufunga pande zote mbili, mashimo yenu mawili yasipolingana, moja bichi na moja kavu, umeme unapita humu kwenda kusawazisha. Maji mliyokuwa mnamwaga yalikuwa yanapunguza ugonjwa. Mngemwaga ziwa zima, usingepona."

Akachukua koleo akakata kipande kile cha wavu upande wa matangi, kipande cha kidole gumba, akazungushia utepe ili ncha isiguse chuma. Kisha akakitoa kisanduku cha katikati na kuipitisha kebo upya: iingie mtambo wa kwanza, itoke iende wa pili, itoke iishie wa tatu, bila tawi. Nilimwambia kumbe inakwenda kama sahani ya tende msikitini, inatoka kwa huyu inapokelewa na yule, haikatwi katikati. Akasema ndiyo, na huku mwanzo na kule mwisho ndipo rezista zinakaa, kwa sababu ujumbe ukifika ukingoni ukakosa pa kuzimikia unarudi nyuma na kugongana na unaokuja. Ya tatu akaitoa akanirudishia stoo. Saa sita alikuwa amemaliza. Alituambia tusimwage tone, akakaa siku tatu anatazama skrini. Jua la Oktoba lilipasua ardhi pale matangini, shimo likakauka mpaka chumvi ikaonekana, na mitambo ilizungumza mchana kutwa kama wanawake kisimani.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa kijana. Nilimwendea Meneja nikamwambia sasa tumjue aliyekosea ni nani, na Mama Seche arudi, na wakimrudisha waseme mbele ya watu kama walivyomfukuza mbele ya watu. Akasema kiwanda hakikumfukuza, aliondoka. Nikasema aliondolewa. Akasema kama hakuwa na kosa, mbona hakubisha? Mwanamke alibisha kwa sentensi ambayo mimi naikumbuka mpaka leo, lakini kwa kuwa hakupiga kelele ilihesabiwa kuwa kimya. Nikamwendea Injinia. Yeye alisema fundi Anyesi amefanya marekebisho madogo ya kuboresha, na suala la maji ni suala jingine. Hapo ndipo damu iliponichemka kuliko siku zote, maana wiki iliyofuata, kwa usalama kama alivyosema, aliajiriwa kijana mwingine kumwagia ethi ndoo mbili kila asubuhi. Alimwagia mpaka mvua zilipoanza. Hakuna aliyetaka kuacha, kwa sababu kuacha kungekuwa kukiri kwamba yale maji hayakuwa na kazi, na kama hayakuwa na kazi, mama anayedaiwa kuyauza ameharibu nini?

Mimi niliacha kazi baadaye, nikafungua duka langu, na mpaka leo nauza kebo. Kijana akija kununua ya mitambo namuuliza mwisho ataufungaje, na asipojibu vizuri namwuzia, lakini kwanza namkalisha nimfundishe. Kwa Mama Seche nimekwenda mara nyingi. Hakunilaumu hata siku moja. Ila kule Haneti walimpa jina la Muuza Maji, mwanzoni kwa mzaha, halafu likakaa. Kijiji kilipochimbiwa kisima, wanawake wakataka kumchagua atunze fedha za kamati ya maji, kwa kuwa ni mwangalifu na watu wanamwogopa kidogo. Mwanamume mmoja akasimama mkutanoni akauliza, kwa upole tu, kama ni busara kumkabidhi maji mtu aliyewahi kufukuzwa kwa maji. Mama Seche akajiondoa mwenyewe, akakaa chini kabla kura hazijapigwa. Nilipomuuliza kwa nini hakuwaeleza, alisema angewaeleza nini, habari za wavu na rezista? Ambaye wangemwamini kwa lugha hiyo ni Injinia mwenyewe, naye hajawahi kufika Haneti.

Mwaka huu kamati inachaguliwa upya. Mama Seche macho yamepungua nuru lakini kuhesabu anahesabu, na wanawake walewale wamemrudia. Amewaambia atafikiri. Najua anachofikiri.

Kwa hiyo Injinia Faustini, sasa umestaafu, na muda unao. Ulisimulia ukumbini kwa sauti nzuri, kila mtu alisikia mpaka waliokuwa mlangoni. Sikudai fedha, na mtu anayenijua atashangaa kusoma hivyo. Nakudai sauti ileile. Njoo Haneti kabla ya mkutano wa kamati, simama mbele ya watu, useme shimo halikuwa kavu na wavu haukukatwa. Usihangaike na maneno ya kitaalamu, hayo nitawatafsiria mimi. Nauli ya kwenda nitakulipia. Ya kurudi tutajadiliana, kutegemea utakavyosema.